Si kila kipele ni ugonjwa wa zinaa

Kuna maswali ambayo hayaulizwi mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Hubaki moyoni mwa mtu, au huulizwa usiku kwa rafiki ambaye naye hajui zaidi. Mojawapo ni hili: nimeona kitu kwenye ngozi ya sehemu zangu za siri, je, ni ugonjwa wa zinaa? Wanaouliza ni vijana wanaojiandaa kuoa, wamama waliojifungua juzi, wababa wenye wajukuu, na hata wachungaji walioitwa kusuluhisha nyumba ambamo mmoja amemshtaki mwenzake. Tumeona vema kuandika wazi, kwa kutaja viungo kwa majina yake, kwa sababu maneno ya kuzungukazunguka ndiyo yanayofanya mgonjwa na muuguzi wasielewane.

Tuanze na lililo la furaha. Sehemu kubwa ya vipele na madoa ambayo watu huyaona huko chini si ugonjwa wowote. Ni ngozi yenyewe ilivyoumbwa, au ni jambo dogo lililotokana na wembe, jasho au umri.

Vilivyo vya mwili wenyewe

Kwa wanaume, kinachotisha kuliko vyote ni vipele vidogo sana vinavyozunguka kichwa cha uume, pale kinapoungana na shina. Vimepangwa kama shanga, mstari mmoja au miwili, wakati mwingine mitatu. Kila kimoja kina upana wa milimita 1 au 2 hivi, rangi yake ni ya ngozi au nyeupe kidogo, na kwa juu ni laini. Haviumi, haviwashi, havitoi maji. Huonekana kwanza wakati wa ubalehe au katika miaka ya ishirini, yaani wakati uleule kijana anapoanza kufikiri juu ya ndoa, na ndiyo maana vinashukiwa mno. Lakini hata kijana ambaye hajawahi kukutana na mwanamke anaweza kuwa navyo. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umevikuta kwa wanaume kati ya 14 na 48 katika kila 100, na mara nyingi zaidi kwa wale ambao hawakutahiriwa. Haviambukizi, havigeuki kansa, na havina dawa kwa sababu havihitaji dawa. Kadiri miaka inavyokwenda, kwa wengi hupungua vyenyewe.

Mwanamke naye anaweza kuwa na vinavyofanana na hivyo: vinyama vidogo, laini, vya rangi ya waridi, upande wa ndani wa midomo ya uke, karibu na mlango. Huwa pande zote mbili, vimejipanga karibu sawasawa, na kila kimoja kina shina lake peke yake. Hapo ndipo vinapotofautiana na chunjua za zinaa, maana chunjua hujikusanya kama kishada juu ya shina moja, kichwa chake hukwaruza, na huota ovyo, moja huku na tatu kule. Tofauti hiyo ni ndogo kwa jicho la mtu anayejitazama kwa kioo akiwa na hofu, lakini ni wazi kwa mkunga au daktari aliyeizoea. Tuongeze pia kwamba midomo ya uke hailingani kwa wanawake wote, na hata kwa mwanamke mmoja wa kushoto unaweza kuwa mrefu kuliko wa kulia. Kuwa nyeusi zaidi baada ya ubalehe na wakati wa mimba ni jambo la kawaida. Si alama ya mwenendo wa mtu, hata kama mitaani watu husema hivyo.

Kuna pia vidoa vya manjano au vyeupe, vidogo kama punje ya mtama au chini ya hapo, kwenye shina la uume, kwenye mfuko wa korodani au kwenye midomo ya uke. Hizo ni tezi za mafuta ambazo hazina unywele. Daktari wa ngozi wa Marekani, John Addison Fordyce, alizieleza mwaka 1896, na hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Ukivuta ngozi zinaonekana zaidi. Jambo linaloweza kutuliza moyo ni kwamba tezi hizohizo huonekana pia kwenye ukingo wa mdomo wa juu na ndani ya mashavu. Watu wanaishi nazo usoni bila mtu kuwashuku lolote.

Kwa wababa, umri unapoendelea, mfuko wa korodani unaweza kuota vidoa vya rangi nyekundu iliyoiva au karibu nyeusi, kama vichwa vya pini. Ni mishipa midogo ya damu iliyopanuka chini ya ngozi. Kikikwaruzwa kimoja kinaweza kutoa damu kidogo, na hapo mtu huona amekwisha. Kukibana kwa kitambaa safi kwa dakika chache hutosha, na damu ikirudi mara kwa mara, mtu aende kuonwa. Vivimbe vigumu vya mviringo kwenye ngozi ya mfuko huo, ambavyo ndani vina kitu cheupe kama unga uliolowa, navyo si vya zinaa, ila kuvikamua ndiko kunakovitia uchafu na kuvigeuza jipu. Mstari unaopita katikati ya mfuko na chini ya uume, kama mshono wa nguo, si kovu. Kila mwanaume anao tangu tumboni mwa mama yake.

Halafu kuna wembe. Nywele zetu ni za kujikunja. Zikinyolewa hadi chini kabisa, ncha yake hujirudi ndani ya ngozi na kuleta vipele vyenye uchungu, wakati mwingine na usaha kidogo juu na unywele katikati. Mtu ananyoa Jumamosi, anaona vipele Jumatatu, anaanza kuhesabu ni nani alilala naye. Kuacha kunyoa kwa wiki chache, au kukata kwa mkasi badala ya wembe, humaliza shida hiyo kwa wengi. Na wembe usitumiwe na watu wawili, kwa sababu hapo kweli kuna magonjwa yanayopita kwa damu.

Dawa inapoleta alama yenyewe

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu jambo hili linawatesa watu wengi na halisemwi. Kuna watu ambao ngozi yao inakataa dawa fulani. Wakiimeza, doa la mviringo linatokea pahali pamoja, mara nyingi juu ya kichwa cha uume, kwenye midomo ya uke au kwenye mdomo wa usoni. Linaanza kwa kuwasha au kuchoma, linakuwa jekundu au la zambarau, linaweza kutoa lengelenge na kuchubuka kama kidonda. Linapona, linaacha alama nyeusi inayokaa miezi. Siku mtu anapomeza tena dawa ileile, doa linarudi palepale, baada ya saa chache au siku moja hivi.

Dawa inayojulikana zaidi kwa jambo hili ni kotrimoksazoli, ile ambayo kwenye farmasi zetu wengi huiita Bactrim. Tetrasaiklini na doksisaiklini nazo hufanya hivyo, hata baadhi ya dawa za maumivu. Sasa tazameni mtego ulivyo. Mtu ana kuhara au kikohozi, ananunua vidonge bila kuandikiwa. Kesho yake anaona kidonda kwenye uume. Anadhani ni zinaa. Anarudi farmasi, anapewa vidonge vilevile au ndugu zake, na kidonda kinazidi. Mke wake anakiona. Nyumba inaanza kuwaka moto kwa ajili ya kidonge cha kuhara.

Kwa hiyo swali la kwanza, mtu akiona doa au mchubuko uliotokea ghafla, liwe: nimemeza nini siku tatu zilizopita? Na kama doa hilo limewahi kutokea pahali hapohapo, aandike jina la dawa kwenye karatasi na kumwonyesha daktari. Akishajulikana kuwa haivumilii, asiipewe tena maisha yake yote. Yule anayemeza kotrimoksazoli kwa agizo la daktari, kama wengi wanaoishi na virusi vya SIDA, asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Aende haraka kwa aliyemwandikia ili abadilishiwe.

Tukiwa bado kwenye dawa, tuseme pia juu ya zile ambazo watu hujipaka. Dawa ya meno, siki, maji ya betri, unga wa vidonge uliosagwa, majani yasiyojulikana. Wengine hukata vipele vile vya shanga kwa wembe. Ngozi ya sehemu hizo ni nyembamba, inaungua upesi. Kidonda kinachopatikana kwa kujitibu ni kikubwa kuliko kitu chenyewe, na kwa kuwa sasa kuna kidonda wazi, virusi vya SIDA na vijidudu vingine vinapata mlango ambao havikuwa nao.

Yanayotaka kuonwa bila kuchelewa

Hatusemi kwamba kila kitu ni salama. Kidonda kimoja, kisichouma, chenye kingo ngumu, kinaweza kuwa kaswende. Kwa kawaida hutokea wiki 3 hivi baada ya kuambukizwa, ingawa inaweza kuwa siku 10 au hata miezi 3. Ubaya wa kaswende ni kwamba kidonda hicho kinapona chenyewe baada ya wiki kadhaa, mgonjwa anamshukuru Mungu, kumbe ugonjwa umeingia ndani. Baadaye unaweza kuleta madoa kwenye viganja na nyayo, kisha kunyamaza miaka mingi. Kwa mama mjamzito unaweza kuua mtoto tumboni au kumfanya azaliwe mgonjwa, na ndiyo sababu kipimo chake ni sehemu ya CPN. Dawa yake ni ya zamani na inafanya kazi: sindano ya penisilini ya benzathini, inayotolewa na muuguzi baada ya kumpima mtu.

Malengelenge madogo yaliyokusanyika, yenye uchungu wa kuchoma, yanayopasuka na kurudi tena baada ya muda, yanaweza kuwa herpesi. Vinyama vinavyoongezeka na kushikana kama kishada ni chunjua za zinaa. Usaha unaotoka kwenye uume pamoja na maumivu ya kukojoa ni kisonono mara nyingi, na hapo farmasi haitoshi, kwa sababu kijidudu cha kisonono kimejifunza kushinda dawa nyingi za zamani. Kidonda au uvimbe mgumu usiopona baada ya wiki tatu, hasa kwa mtu mzima, lazima uonwe na daktari, kwa maana kansa ya uume na kansa ya midomo ya uke zipo na huanza kimya. Ngozi iliyogeuka nyeupe na kuwasha sana kwa mama aliyeacha kupata hedhi, nayo ionwe.

Vipele vinavyowasha usiku, kwenye uume na mfuko wa korodani na pia katikati ya vidole na kiunoni, vinaweza kuwa upele wa kawaida, ule unaoletwa na kadudu kanachochimba ngozi. Upele huo hupita kwa kulala pamoja kitanda kimoja, hata mtoto na bibi yake, hata wakimbizi katika hema moja. Unaweza kupita katika tendo la ndoa pia, lakini kuupata si ushahidi wa uzinzi. Wote wa nyumba watibiwe siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe, la sivyo unazunguka tu.

Na katika nchi yetu hatuwezi kuacha mpox. Binadamu wa kwanza aliyejulikana kuugua alipatikana hapa Kongo mwaka 1970. Mwaka 2023, aina mpya ilionekana Kamituga, katika Kivu ya Kusini, na ilipita sana kwa kukutana kimwili, hivi kwamba kwa watu wengi malengelenge yalianzia sehemu za siri. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza hatari ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Kwa hiyo malengelenge yenye usaha na kitobo katikati, yakija pamoja na homa na tezi zilizovimba kwenye kinena au shingoni, yasifichwe. Mtu ajitenge, asilale na watoto, na awaite watu wa afya.

Ngozi safi nayo si cheti

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Kama vile kipele hakithibitishi ugonjwa, ngozi safi haithibitishi afya. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawaoni dalili yoyote, na wengine hugundua tu wanapokosa mtoto. Virusi vya SIDA havina alama yake kwenye uume wala uke. Vinajulikana kwa kipimo peke yake. Na kipimo cha haraka kikifanywa mapema mno kinaweza kusema hakuna, wakati virusi vimo. Ndiyo maana aliyekuwa katika hatari hupimwa, kisha hupimwa tena miezi 3 ikitimia.

Tunawataja hapa dada zetu, na wandugu pia, waliofanyiwa jeuri ya ubakaji katika vita hivi. Wengi hukaa wakijichunguza ngozi kila siku, wakingoja alama. Wasingoje. Dawa ya kuzuia virusi vya SIDA hutolewa ndani ya saa 72 baada ya tendo, na kadiri inavyoanzwa mapema ndivyo inavyofaa. Mimba nayo inaweza kuzuiwa ndani ya saa 120. Hata kama muda huo umepita, matibabu mengine yapo na mlango wa hospitali haujafungwa.

Mume, mke na mchungaji

Shauri linapofika kwa mchungaji, mara nyingi limekwisha kuwa hukumu. "Alinileta ugonjwa." Tunasema kwa uzito: hakuna mchungaji, mzee wa kanisa wala mama mkwe anayeweza kusoma uaminifu wa mtu kwenye ngozi yake. Tumeshaona kwamba vipele vingi si vya zinaa. Lakini hata kipimo kikisema ndiyo, bado hakisemi lini. Virusi vya chunjua vinaweza kukaa kimya miezi, hata miaka, kabla ya kinyama cha kwanza kuota. Herpesi hufanya hivyo. Kaswende iliyonyamaza inaweza kuonekana katika damu ya mtu aliyeambukizwa kabla ya kuoa, wakati hata hawajafahamiana. Anayeonyesha dalili kwanza si lazima awe ndiye aliyeleta. Mara nyingi ni mama anayejulikana kwanza, kwa sababu ndiye aliyepimwa kwenye CPN, naye anafukuzwa nyumbani na mtu ambaye hajapimwa kamwe.

Wale wanaopenda kuanza na Maandiko wasome Mambo ya Walawi sura ya 13 polepole. Kuhani aliyeletewa mtu mwenye alama isiyoeleweka hakumfukuza siku hiyohiyo. Alimtenga siku 7, akamtazama tena, akaongeza siku 7 nyingine. Kuna waliotangazwa safi mwishoni kwa sababu ilikuwa kipele tu. Leo tuna maabara ambayo kuhani hakuwa nayo, na bado tuna haraka kumzidi.

Ushauri wetu kwa wachungaji ni mwepesi: msikilize wote wawili, msitoe neno juu ya uaminifu, muwatume kupimwa pamoja, siku moja, na majibu yabaki yao. Wasiombwe kuyaleta kanisani. Kwa wachumba, kipimo kabla ya ndoa ni kitu chema, lakini kiwe cha damu na cha wote wawili, si cha kumkagua binti peke yake.

Namna ya kwenda kituo cha afya

Nchi ina zoni za afya 519, na vituo vingi ndani yake vinashikwa na makanisa. Vingi vya vijijini havina maabara kamili, kwa hiyo muuguzi hufuata mwongozo wa kutibu kwa dalili: akiambiwa kidonda hutoa dawa za kidonda, akiambiwa usaha hutoa dawa za usaha. Njia hiyo imeokoa wengi. Ila inategemea mgonjwa aseme kilicho kweli na muuguzi aangalie kwa macho. Mtu akinong'ona tu "nina kitu huko chini", ataondoka na mfuko wa vidonge vya ugonjwa asiokuwa nao.

Afadhali aende na majibu haya: nilikiona lini mara ya kwanza, je, kimeongezeka au kiko vilevile, kinauma au kinawasha au hakifanyi lolote, kuna homa au usaha, nimemeza dawa gani, nimenyoa lini, mwenzangu ana nini. Asijipake chochote siku ile. Kilichobaki vilevile mwaka mzima, pande zote mbili sawasawa, bila uchungu, mara nyingi ni cha mwili. Hata hivyo kuonwa mara moja kunaondoa hofu ya miaka. Aombe kipimo cha kaswende na cha virusi vya SIDA, vyote viwili ni tone la damu kwenye kidole na majibu hutoka baada ya dakika chache.

Mwanamke anaweza kuomba aonwe na muuguzi wa kike au mkunga, au mtu wake wa karibu awepo chumbani. Na kama mhudumu anataka kuandika dawa kabla hajaangalia, ni halali kumwambia kwa heshima: tafadhali, tazama kwanza.